Soko la alfajiri Bangkok, binti mwenye mzio wa karanga, na wali wa hotelini

Swali:

"Nina duka la nguo Kariakoo, na mwezi ujao nakwenda Bangkok kufunga mzigo kwa mara ya pili. Safari ya kwanza nilikaa siku 6 nikila mkate, ndizi na chipsi kwa hofu ya tumbo. Siku moja tu nilijilegeza, nikala wali wa kukaanga kwenye chakula cha mchana cha kujipakulia hotelini. Baada ya kama saa 3 nikaanza kutapika, kisha kuharisha hadi usiku. Wenzangu walikuwa wakiamka saa 11 alfajiri kwenda kula sokoni, kando ya samaki wabichi na maji yakitiririka chini, na hakuna aliyeumwa. Safari hii nakwenda na binti yangu wa miaka 9. Ana mzio wa karanga: mwaka jana alikula kashata, midomo ikamvimba na kifua kikambana. Sisi ni Waislamu. Naweza kumpeleka kwenye soko hilo? Nitajuaje chakula kina nguruwe? Mmoja ameniambia nimeze antibiotiki kila asubuhi kama kinga, mwingine anasema pilipili yao inaua vijidudu vyote. Nisaidie, mara hii nataka nile kama watu."

Jibu:

Dada, nimelisoma swali lako mara mbili, na mara ya pili nikatabasamu, si kwa ubaya. Uliliogopa soko lenye maji sakafuni, ukaenda kuumia hotelini penye zulia. Nitaanza hapo, maana ukielewa kilichokupata siku ile, nusu ya hofu yako itakuisha. Nusu ya pili, inayomhusu binti yako, sitaipunguza. Huenda nikaiongeza, kwa sababu naona umeitaja katikati ya mambo mengine kana kwamba ina uzito sawa nayo, na haina.

Kazi yangu ni usalama wa chakula, na niliishi Bangkok miaka miwili nikisoma. Kwa hiyo masoko yale nayajua kwa darubini na kwa tumbo pia.

Tuanze na wali ule. Bila kipimo siwezi kukuapia, lakini kutapika ndani ya saa 3 baada ya kula wali wa kukaanga ni kisa tunachokijua sana katika fani hii. Kuna bakteria anayeitwa Bacillus cereus, anayeishi udongoni na kwenye mchele mkavu. Ukipika wali, yeye hufa, lakini huacha spora, mfano wa mbegu yenye ganda gumu, ambazo kuchemsha hakuziui. Wali ukiachwa upoe taratibu mezani, spora zile huchipua, bakteria huzaliana, na baadhi yao hutoa sumu. Sumu hiyo haijali moto. Sasa kumbuka wali wa kukaanga hutengenezwa na nini: kiporo. Mpishi yeyote atakwambia wali uliolala ndio unaokaangika vizuri, punje hazishikani. Kiporo kilichowekwa kwenye jokofu mapema hakina neno. Kilicholala juu ya meza ya jiko hadi asubuhi, hata ukikikaanga mpaka kitoe moshi, utakuwa unapasha sumu.

Halafu ongeza muda wa kukaa kwenye sinia la kujipakulia. Vijidudu vinavyotuumiza hupenda joto la kati ya nyuzi 5 na 60, na karibu na joto la mwili wetu ndipo hustawi kuliko kote. Hali ikiwaridhisha, bakteria wengine hugawanyika kila dakika 20. Piga hesabu: mmoja wa saa 12 asubuhi, akiachwa kwa raha zake, ifikapo saa 7 mchana wamepita milioni 2. Taa ile ya njano juu ya sinia, ikiwa inakipa chakula joto la vuguvugu tu, inawalea.

Ndiyo maana nakwambia rafiki zako hawakuwa na bahati wala matumbo ya chuma. Walikuwa na saa. Soko la alfajiri la Thailand, wanaloliita talat chao, lina sababu zake za kuwahi. Kabla jua halijapanda, watawa wa Kibuddha hupita mitaani pekupeku na mabakuli yao, na waumini huwatilia chakula. Watawa hao hawali mlo baada ya saa 6 mchana. Kwa hiyo wauzaji wengi hupika usiku ili watu wapate cha kutoa alfajiri. Wakati huohuo mama ntilie wa mji mzima wanakuja kununua nyama na mboga za siku, na wafanyakazi wanapita kuchukua kifungua kinywa. Bidhaa inageuka haraka. Supu inachemka mbele yako kwa sababu watu wapo kwenye foleni, na jua halijaanza kazi yake ya kuchachusha vitu.

Usinielewe vibaya hata hivyo, alfajiri si hirizi. Ukitazama vizuri utaona soko moja lina masoko mawili ndani yake. Upande mmoja ni wa vibichi: kuku waliofunguliwa vifua, samaki, vyura, maji ya barafu yanayodondoka. Maji hayo hayakuumizi yakikaa chini. Yanakuumiza yakipanda kwenye mkono, mkono ukashika kijiko. Upande wa pili ni wa vilivyopikwa, na huko nako kuna tofauti. Kuna kinachotoka motoni sasa hivi, na kuna mchuzi uliofungwa kwenye mifuko ya nailoni tangu saa 9 usiku, umepangwa mezani ukiwa vuguvugu. Mimi nilikula cha kwanza miaka miwili bila shida ya maana. Cha pili nilikinunua kama nimeona kinafungwa, vinginevyo nilikipita.

Sharti langu ni moja: kiwe kimetoka motoni mbele ya macho yangu, na kinifike mdomoni kikiwa bado kinaunguza. Matunda nimenye mwenyewe. Na hapa utafurahi, maana utakuta shokishoki na doriani kama uko Unguja, pamoja na mangostini, ambazo ganda lake nene ni kinga tosha. Barafu ya kinywaji iwe ile ya vipande vya mviringo vyenye tundu katikati, ambayo hutoka kiwandani. Barafu iliyopondwapondwa kutoka kwenye mapande makubwa ni ya samaki. Nyama mbichi na samaki wa maji baridi mbichi usiguse kabisa, hata ukikaribishwa kwa mapenzi gani. Huko kaskazini mashariki mwa Thailand samaki mbichi huwapa watu minyoo ya ini, na minyoo hiyo ikikaa miaka mingi huleta saratani ya mirija ya nyongo. Nyama na damu mbichi ya nguruwe zina bakteria wake anayeweza kukuacha kiziwi, ila hilo kwako si tatizo.

Pilipili sasa. Haiui kitu, dada. Kwa kiasi ambacho binadamu anaweza kula, pilipili haikitakasi chakula, inakutoa jasho tu. Ndimu hupunguza kasi ya baadhi ya bakteria, lakini kaa mbichi wa chumvi aliyetwangwa kwenye saladi ya papai haivi kwa ndimu.

Na antibiotiki za kila asubuhi, tafadhali achana nazo. Kilichokupata wewe kina kila dalili ya sumu iliyokwisha kutengenezwa kwenye chakula, na antibiotiki haina la kufanya na sumu. Virusi navyo havishtuki. Dawa hizo zingeua bakteria wema wa tumboni mwako, ambao ndio walinzi wako wa kwanza, kisha zikawapa nafasi wabaya. Tena dawa ambayo wengi wetu huinunua dukani bila cheti, ciprofloxacin, kwa Thailand imeshazoeleka: bakteria wa Campylobacter, ambao ni chanzo kikubwa cha kuharisha kwa wasafiri huko, kwa sehemu kubwa hawaijali tena. Ungemeza dawa, ukapata madhara yake, na kinga usiipate.

Basi tumbo tumelimaliza. Tukae chini sasa tuzungumze kuhusu binti.

Kwanza nikuulize: kashata ile ilikuwa ya karanga tupu, au ilichanganywa na nazi? Nani alisema ni karanga? Kama anakula wali wa nazi na maharage ya nazi nyumbani bila shida, nazi tumeitoa. Lakini kama mzio huu umeuhukumu mwenyewe kwa tukio moja, hujui bado unapigana na nini. Huenda pia ana mzio wa korosho au ufuta, na vyote vimejaa Bangkok. Kabla ya tiketi, mpeleke kwa daktari wa watoto anayeshughulika na mzio, apimwe. Na umwambie daktari neno kwa neno ulichoniandikia mimi: midomo ilivimba na kifua kilibana. Dalili mbili katika sehemu mbili za mwili kwa mpigo mmoja, tena moja ikiwa ya pumzi, hiyo si "aleji ya kawaida" ya kupaka losheni. Mara nyingine dalili zinaweza kuwa kubwa zaidi, au ndogo zaidi. Hakuna anayeweza kukuahidi.

Kinachotokea ni hiki. Mwili wake umeiandika protini ya karanga kwenye daftari la maadui. Ikiingia, hata chembe, chembechembe za kinga humwaga kemikali kwa pamoja: mishipa ya damu inalegea, ngozi inavimba, njia ya hewa inabanwa, presha inaanguka. Moto haumsaidii, kwa sababu protini ile inavumilia kupikwa. Dawa inayogeuza hali hiyo ni adrenalini, ikidungwa kwenye msuli wa paja, mapema. Vidonge vya mzio vinapunguza muwasho, lakini koo likibana haviokoi. Kwa hiyo swali la kumwuliza daktari ni hili: tunaweza kupata sindano ya adrenalini ya kujidunga, ya kipimo cha uzito wake, na unifundishe kuitumia? Kwetu sindano hizo si rahisi kuzipata. Anza kuzitafuta leo, usingoje wiki ya safari.

Hukumu yangu, na hii usiipindishe: bila adrenalini mkononi, mtoto huyu asile chochote kilichopikwa sokoni. Aje atembee, aone, anunuliwe tunda ale baada ya kunawa. Chakula chake kitoke hotelini au mnakojipikia. Mkiwa na adrenalini mambo yanalegea, lakini kwa masharti.

Karanga za Thailand hazikai kwenye kashata tu. Husagwa zikanyunyizwa juu ya tambi za phat thai. Hutwangwa pamoja na papai bichi kwenye som tam, na kinu ni kilekile kutwa nzima: ukisema "usiweke karanga" muuzaji mwema hataweka, lakini mchi wake umeshatwanga za wateja 40 kabla yako. Kuna vidonge vyeupe vya wanga vinavyong'aa, sakhu sai mu, vinauzwa asubuhi kwenye sinia lenye mvuke. Vinavutia sana mtoto, na ndani vina nyama ya nguruwe na karanga, yaani maadui wako wawili katika tonge moja. Na mtego ambao wewe hasa utauingia kwa moyo mweupe ni wa halali. Utafika kwa muuzaji mwenye ushungi, utafarijika, utaagiza mishikaki ya satei au mchuzi wa masaman, ambao wengi huhusisha jina lake na Waislamu wenyewe. Satei huja na mchuzi mzito wa karanga. Masaman nayo huwa na karanga ndani. Utakuwa umekimbia nguruwe ukaangukia karanga.

Lugha nayo ni mtego. Neno thua kwa Kithai linabeba jamii yote ya kunde, kuanzia maharage hadi choroko. Karanga ni thua lisong. Ukisema "hakuna thua" muuzaji atafikiri hutaki maharage, atakuondolea maharage, atakuachia karanga. Ndiyo maana sitaki uende na maneno ya kukariri, sitaki hata uitegemee programu ya kutafsiri ya kwenye simu. Chapa kadi kwa maandishi ya Kithai isemayo: mtoto huyu akila karanga hata kidogo sana anaweza kufa, tafadhali usitumie kikaango, kinu, mafuta wala kijiko kilichogusa karanga. Iandikwe na mfanyakazi wa hoteli anayejua Kithai na lugha mnayoelewana, kisha umpe Mthai mwingine aisome akueleze imesema nini. Wakitofautiana, andika upya. Ukimwonyesha muuzaji, mtazame usoni. Akisoma hadi mwisho kisha akatikisa kichwa kwa masikitiko, mshukuru, huyo amekuokoa. Akitabasamu bila kusoma akasema sawa sawa, ondoka.

Mahali ninapopaamini kwa mtoto kama huyu ni kwenye kibanda cha chakula kimoja. Nikupe mfano kwa macho. Asubuhi yangu ya kwanza soko la Khlong Toei nilifika kama saa 10 na nusu usiku, usingizi haujanitoka, mikokoteni inanifokea kila upande. Kwenye kona moja nikaona moto wa mkaa, na juu yake chuma kizito chenye vishimo. Nikasimama kama nimemwona shangazi yangu wa Pangani. Mama mmoja alikuwa akimimina rojo la mchele kwenye vishimo, akizungusha chuma kidogo ili rojo lipande kingo, kisha akaongeza tui zito lililotiwa sukari na chumvi kwa mbali, akatupia vitunguu vya majani kwenye vingine, mahindi kwenye vingine, akafunika kwa vifuniko vidogo vya udongo. Vinaitwa khanom krok. Ni vitumbua, dada, ila havigeuzwi: chini vinakauka na kulia kukaruu, juu vinabaki laini kama uji. Anavichokoa kwa kijiko, anabandika viwili viwili uso kwa uso. Nilikula 12 nikiwa nimesimama, nikaunguza ulimi, na sikujali.

Kibanda kama hicho kina rojo, tui, chuma, basi. Hakuna kinu, hakuna bakuli la karanga, hakuna mafuta ya pamoja na jirani. Unaweza kukikagua kwa jicho moja. Bado utaonyesha kadi, na utatazama vibakuli vya vitu vya kutia juu (magimbi, mahindi na vitunguu ndivyo vya kawaida), lakini hapo hatari imepungua hadi unaweza kuiona yote. Vivyo hivyo ndizi za kuchoma, mahindi, viazi vitamu. Kibanda chenye vyakula 15 na mpishi mmoja mwenye mwiko mmoja, hapana, hata wakuapie.

Nguruwe ni rahisi kuliko karanga kwa namna moja, kwa sababu tone halitamuua mtu, na ni vigumu kwa namna nyingine, kwa sababu haonekani. Mshikaki unaonukia kuliko yote asubuhi ile, wenye foleni ndefu na wali wa kunata kwenye kifuko, ni mu ping, nguruwe. Uji wa mchele, jok, aghalabu huwa na vidonge vya nyama ya nguruwe, au umepikwa kwa supu ya mifupa yake hata kama juu umewekewa samaki. Kitunguu saumu cha kukaanga kinachonyunyizwa juu ya tambi mara nyingi kimekaangwa kwa mafuta yake. Soseji ya "kuku" inaweza kuwa na mchanganyiko. Kuuliza "kuna nguruwe?" hakutoshi, maana watu wengi hufikiria pande la nyama, hawafikirii mafuta wala supu. Tena neno mu, yaani nguruwe, linategemea lafudhi ya kupandisha sauti, na sisi ulimi wetu haujazoea kupandisha.

Tazama alama. Nembo ya halali ya Baraza Kuu la Kiislamu la Thailand ina umbo la almasi na neno halali kwa Kiarabu. Waislamu wapo kwenye masoko mengi makubwa, na muuzaji Mwislamu hutundika nembo hiyo, au mwezi na nyota, ili wenzake wamwone. Kuna wanaodhani bendera ya njano yenye herufi nyekundu, ya chakula cha je, ni halali. Hicho ni chakula cha mfungo wa Kichina cha bila nyama, bila samaki, bila mayai. Nguruwe hayumo kweli, ila hakuna aliyekithibitisha kidini, na mara nyingi protini yake inatoka kwenye soya na kunde, hivyo kwa binti yako kinarudi kwenye kadi. Mchuzi wa samaki, nam pla, ni samaki na chumvi vilivyochachushwa. Shombo lake lisikutishe. Mambo ya fatwa si fani yangu, ukiwa na shaka muulize shehe wako kabla hujaondoka.

Sasa uende wapi? Wafunga mzigo wengi hufikia Pratunam, na kama nawe unafikia huko, karibu sana na hapo kuna mtaa wa Petchaburi Soi 7, wenye msikiti wa Darul Aman na vibanda vya Waislamu. Asubuhi ya kwanza nenda huko, ule wewe, mtoto akiwa na cha kwake. Utajifunza sura za vyakula bila wasiwasi wa nguruwe, ukibaki na karanga tu za kuchunga. Siku ya pili mpeleke binti Or Tor Kor, soko la wakulima karibu na Chatuchak. Ukishuka stesheni ya Kamphaeng Phet umefika. Ni safi, vigae vinang'aa, matunda yamepangwa kama vito, na bei inakukumbusha kila dakika kwamba umekuja mahali safi. Khlong Toei nenda peke yako, ukiwa na viatu vilivyofunika vidole. Pale ndipo utakapoona mji unavyolishwa, lakini mikokoteni haina breki wala huruma, na mtoto wa miaka 9 yuko kwenye kimo cha vichwa vya samaki. Masoko ya kuelea kama Damnoen Saduak ni ya picha. Kwa kifungua kinywa ni mbali mno.

Jambo moja la saa litakufurahisha. Mthai akikwambia song thum, yaani "thum ya pili", anamaanisha saa 2 usiku, kama sisi kabisa. Hata asubuhi, mzee wa kule anaweza kuita saa 2 "mong ya pili". Lakini alfajiri hesabu zinaachana: ti ha, "tano", ni saa yetu ya 11 alfajiri. Ukipanga na dereva wa teksi, mwonyeshe kwenye uso wa simu, usimtajie. Mimi nilimtajia wangu, na siku ile soko nililikuta linafagiwa.

Tumbo likikugeuka pamoja na tahadhari zote, usikimbilie kidonge. Kunywa maji ya ORS, pakiti ikiyeyushwa kwenye maji ya chupa kwa kiasi kilichoandikwa juu yake, kidogo kidogo hata ukitapika. Zikikosekana, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi kwa lita 1, ukivipima kwa kusawazisha. Dawa ya kufunga tumbo usiitumie kama kuna homa au damu, na usimpe mtoto.

Hospitali uende bila kungoja kesho ukiona damu kwenye choo, homa inayopita nyuzi 38.5, mtoto asiyekojoa kwa saa 6 hadi 8, ulegevu, au kutapika kunakorudisha kila tone. Kwa mzio usihesabu hata dakika: midomo ikivimba, sauti ikikwaruza, akikohoa mfululizo, akitapika ghafla au akisema anahisi vibaya sana baada ya kula, dunga paja, mlaze chini na miguu juu (akishindwa kupumua mwache akae), piga 1669 kwa gari la wagonjwa. Wasipokuelewa piga 1155, polisi wa watalii. Hata akipata nafuu apelekwe, kwa sababu wimbi la pili huweza kuja saa kadhaa baadaye.

Na kama homa itakuja kwako au kwake katika siku za mwanzo, msivilaumu vitumbua moja kwa moja. Bangkok yenyewe haina malaria. Daktari wa pale atafikiria chakula, atafikiria dengi, na huenda malaria isimjie akilini hadi mwishoni, wakati mmeibeba kutoka nyumbani. Kabla hata hajakuuliza mmekula nini, mwambie mmetoka Tanzania, na kwamba unataka damu ipimwe malaria leo hii.